Mkufunzi, Bwana na Bibi

Kila jioni, kabla ya kutoka ofisini, mama tuliyemwita Mkufunzi alipita meza moja moja, sweta tayari mwilini na kikapu mkononi, akasimama mbele ya kila mtu na kusema, "Naondoka. Umekubali?" Ulitakiwa ujibu, "Nimekubali." Hakutaka kwaheri wala tutaonana kesho. Ukiwa umezama kwenye kazi ukamjibu kwa kichwa tu, alibaki amesimama pale pale mpaka umwangalie usoni na kulitamka neno lenyewe. Mwanzoni tuliona ni kituko. Baadaye likawa jambo kama kufunga mlango, unalifanya bila kulifikiria.

Hamisi, mwenzetu ambaye hakuna aliyesalimika na utani wake, alitaka siku moja kuona itakuwaje mtu akikataa. Mkufunzi alipomfikia akamjibu, uso mkavu, kwamba hajakubali. Tukacheka. Mkufunzi hakucheka. Alirudi kwenye kiti chake, akapakata kikapu, akakaa. Hamisi akaendelea kuandika akijifanya hana habari, na yule mama akakaa vile vile, bila hasira, huku daladala za kumpandisha kwake Olmotonyi zikipita moja baada ya nyingine. Mwishowe Hamisi aliona aibu, akakubali, tena akamlipia bodaboda. Nilipomuuliza Mkufunzi kesho yake kwa nini alikaa, alinishangaa. "Mtu hajakubali, nitaondokaje?"

Habari za kuzaliwa kwake na ukoo wake sina, na sikuwahi kuuliza. Nilimkuta ni mtu mzima wa kuamkiwa, mvi zimetangulia juu ya paji la uso, miguuni buti za porini hata akiwa amevaa gauni la kitenge. Alikuwa amefundisha miaka mingi upimaji wa misitu kwenye chuo cha kule juu Olmotonyi, ndiyo maana hata sisi ambao hatukuwahi kukaa darasani kwake tulimwita Mkufunzi. Alipostaafu hakufuga kuku kama wenzake. Alijifunza kuandika programu, akaja kuomba kazi kwetu Sakina, kwenye nyumba ya kupanga iliyokuwa nyuma ya gereji, ambako tulizungumza na wateja wa nchi za mbali huku mtu akigonga bodi ya Fuso chini ya dirisha.

Tulitengeneza programu ya chaneli za malipo. Mgeni akiuliza hicho ni kitu gani, Mkurugenzi wetu alijikanyaga kanyaga, kisha akamwita Mkufunzi. Yeye alieleza hivi. Watu wawili wanaolipana mara kwa mara wanaweka fedha zao kwenye chungu kimoja, halafu wanakubaliana wao kwa wao, kila mara, fungu la kila mmoja ni lipi, bila kumsumbua mtu wa nje. Hakuna kinachobadilika mpaka wote wawili wamekubali. Siku wakitaka kuachana wanafunga chaneli. Wakifunga kwa makubaliano, kila mmoja anaondoka na chake papo hapo. Lakini mmoja akinyamaza, asijibu tena, mwenzake anaruhusiwa kufunga peke yake, ila lazima asubiri kwanza muda uliowekwa, isije ikawa yule aliyenyamaza bado yupo na ana neno la kusema.

Wageni waliondoka wameelewa. Mimi nilichelewa kuelewa kwa nini kipande cha mwisho alikisema akiangalia buti zake.

Yeye hakuijenga hiyo programu. Kazi yake ilikuwa kuivunja. Alikuwa ametengeneza mtambo wa majaribio ulioirushia data za ovyo bila kupumzika: ujumbe uliokatika katikati, majibu yaliyotangulia maswali, mtandao uliokufa ghafla na kufufuka. Ndani ya mtambo huo kulikuwa na watu wawili wa kujifanya, wenye chaneli moja, naye aliwaita Bwana na Bibi. Programu ikianguka, au ikimdhulumu mmoja wao, mtambo ulilia. Aliuwekea mlio wa msumeno wa mashine unaoangusha mti, na mafundi wa gereji walishazoea kupiga kelele kutoka nje, "Mama kaangusha tena!"

Cha ajabu, kazi ile aliitoa msituni. Wanafunzi wakipelekwa kupima miti, alisema, ukiwaachia wachague wenyewe watapima misindano minene iliyo kando ya barabara, watarudi viatu visafi na taarifa kwamba msitu una afya. Ndiyo maana mahali pa kupima huchaguliwa kwa namba za nasibu, hata kama namba itakutupa kwenye korongo lenye upupu. "Mtu akichagua mwenyewe," alikuwa akisema, "huchagua mti wa karibu na barabara." Msemo huo aliutumia kwa kila kitu. Hamisi alipotuletea picha ya mchumba wake mpya, anayeuza kwenye duka linalotazamana na ofisi yetu, Mkufunzi aliitazama, akatazama dirishani, akausema. Hata mchumba mwenyewe alipousikia alicheka.

Basi alichukia kuchagua. Namba ya kuanzishia mtambo asubuhi aliitoa kwenye kibao cha namba cha gari la kwanza lililompita akivuka barabara ya Nairobi, ikiwa ni lori la saruji sawa, ikiwa ni gari la maiti sawa. Nami niliwahi kumtania kwamba mtu anayehubiri nasibu namna hiyo ndiye mtu asiyebadilika kuliko wote niliowahi kuwajua. Kiti kile kile, chupa ile ile ya chai ambayo hakummiminia mtu, loshoro kila Jumatano, na mahindi yake lazima yawe yamepoa kabisa ndani ya maziwa. Alikuwa mkali kwa programu na alitukataza kuihurumia, lakini mbwa wa gereji alikuwa na bakuli lake chini ya meza ya Mkufunzi. Kanisani alikaa benchi la nyuma kabisa na kutoka kabla ya matangazo. Alisema matangazo hayana kitu kinachomhusu.

Alikuwa na sheria moja ambayo sijaiona kwa mtu mwingine. Mtambo usipolia kwa muda, sisi tulifurahi, yeye aliingiwa na wasiwasi. Alikwenda kwenye nakala ya programu, akapanda kosa kwa makusudi mahali fulani bila kumwambia mtu, kisha akaketi kusubiri mtambo ulione. Ukilia, alikunywa chai. Usipolia, siku hiyo hatukuongeleshwa. Kimya si jibu, alisema. Kimya kinaweza kuwa afya na kinaweza kuwa mtu amekufa ndani, na ukikaa mlangoni huwezi kujua ni kipi.

Mchana wenzetu walikwenda kula kwa mama ntilie, tukabaki sisi wawili. Mimi nilibaki kwa sababu sipendi kuulizwa nitaoa lini, na kwa mama ntilie swali hilo liliuzwa pamoja na wali. Yeye alibaki kwa ajili ya simu. Alikuwa na kitochi cha zamani, mbali na simu yake ya kazi, ambacho kilikaa mezani kikichaji kila siku, na hakuwahi kutoka nacho nje wakati wa mchana kwa kuwa sokoni kuna kelele. Sikuwahi kukisikia kikiita. Miezi mingi nilidhani ni simu ya ndugu mgonjwa.

Alinieleza siku moja ya masika, mvua imeshika bati mpaka ikabidi tusogeze viti. Mume wake alikwenda Kahama kwenye machimbo. Alisema anakwenda mara moja. Alipiga simu kwa muda, akapunguza, akaacha. Hakuna aliyeleta habari ya msiba, hakuna aliyeleta talaka. Mashemeji walimletea maneno kwamba yuko hai na ana mji mwingine huko, naye akawajibu kwamba mwenyewe hajamwambia. Nikamuuliza, kwa ujinga wa kijana, kama asingekuwa na amani zaidi angejihesabu mjane.

"Mjane ana kaburi, mwanangu," alisema. "Mimi nina namba ya simu."

Halafu akanisogezea chupa ya chai. Ilikuwa mara ya kwanza, na chai yenyewe ilikuwa na tangawizi kali mno.

Nadhani ndipo nilipompenda, kama mtu anavyompenda shangazi aliyempata ukubwani. Nilikuwa na chumba changu kimoja hapo Sakina, na jioni nyingi sauti yangu ya mwisho kutumika ilikuwa ile ya kumjibu yeye kwamba nimekubali. Baada ya hapo sikuwa na mtu wa kusema naye mpaka asubuhi.

Sasa, ule mtambo ulikuwa umekua ovyo kama shamba la mtu aliyesafiri. Ulikuwa faili moja refu lisilo na mwisho, na aliyeweza kulisoma ni yeye peke yake. Mteja akataka watu wengine nao waweze kuutumia, Mkurugenzi akanipa mimi kazi ya kuupanga upya: kuukata vipande vidogo vinavyosomeka, bila kubadili unachofanya. Niliogopa kumwambia. Nilimkuta anajua, na hakukasirika. Alisema hata msitu hukatwa, mradi anayekata ajue anapanda nini. Sharti lake lilikuwa moja. Kila kipande nikishakipanga, nipande kosa na nihakikishe mtambo bado unaweza kulia.

Nikafanya hivyo. Nilipofika kwenye kipande cha mtu kunyamaza, nilipanda kosa upande wa Bwana, mtambo ukalia. Nikapanda kosa lile lile upande wa Bibi. Kimya. Nikaacha ukaendelea mpaka mchana, kimya. Nikajua nimeharibu kazi ya mama wa watu. Nikarudi kwenye faili lake la zamani, lile ambalo sikuligusa, nikalijaribu kwa kosa lile lile la upande wa Bibi. Napo kimya.

Nikaanza kusoma mstari kwa mstari. Kila kitu mle ndani kilichaguliwa na nasibu: ukubwa wa malipo, saa ya kukatika mtandao, ujumbe gani upotee. Kitu kimoja tu hakikurushiwa nasibu. Pale ambapo mtambo ulitakiwa kuchagua ni nani anyamaze, ni nani atoweke bila kujibu tena, jina lilikuwa limeandikwa moja kwa moja. Bwana. Tangu siku ya kwanza ni Bwana anayenyamaza na ni Bibi anayesubiri. Hakuna hata mara moja ambapo Bibi alipewa nafasi ya kuondoka.

Nilikaa na jambo hilo wiki nzima. Ningeweza kusahihisha kimya kimya. Ni neno moja. Lakini mtu aliyetufundisha kwamba hakuna kinachobadilika mpaka wote wawili wakubali, utabadilishaje nyuma ya mgongo wake? Wenzetu walipokwenda kula nikamwita kwenye skrini yangu, nikamwonyesha kwa kidole.

Alisoma. Akavua miwani, akaifuta kwa upindo wa kitenge, akasoma tena. Kitochi kilikuwa mezani kwake kwenye chaji, naye alikigeukia kidogo kama mtu aliyeitwa.

"Hapa sikurusha nasibu," alisema.

Nikaanza kumwambia kwamba inatokea kwa kila mtu, akaninyamazisha kwa mkono. "Nilichagua mti wa karibu na barabara. Miaka yote hii." Kisha akaniambia nirushe nasibu.

Nikabadilisha neno lile, nikauanzisha mtambo. Kwa mara ya kwanza Bibi akanyamaza. Haikupita muda msumeno ukalia kwa sauti ambayo naapa ilikuwa kubwa kuliko siku zote, na mbwa akatoka chini ya meza. Tulikuta ufa wa kweli kwenye programu, si wa kupandwa. Bibi akitoweka, Bwana hakujua la kufanya. Hakusubiri muda uliowekwa, hakufunga, alikwama tu pale na chungu chake, milele. Zingekuwa fedha za watu kweli, zingebaki humo.

Mkufunzi aliitazama ile skrini. "Hajui kusubiri," alisema. "Hatukumfundisha." Akacheka, kicheko kifupi ambacho sikukijua, akarudi kwenye kiti chake na kufanya kazi mpaka jioni. Jioni akavaa sweta, akachukua kikapu, akachomoa kitochi kwenye chaji. Akapita katikati ya meza zetu na kutoka. Hakumuuliza mtu.

Kesho yake hakuja. Keshokutwa Mkurugenzi akapata ujumbe wa kuacha kazi, wa heshima na mfupi. Nilipiga simu yake ya kazi, kumbe alikuwa ameiacha kwa mlinzi wetu ndani ya mfuko. Nilipiga kitochi, ambacho namba yake nilikuwa nayo kwa dharura, nikaambiwa namba haipatikani. Hapo ndipo nilipoogopa kweli, maana namba hiyo haikuwahi kukosa kupatikana. Jumapili nikapanda Olmotonyi. Nyumbani kwake nikamkuta msichana anafua, akaniambia wao ni wapangaji wapya na mama mwenye nyumba hakusema anahamia wapi. Nilishuka kwa miguu kwenye mikaratusi, mlima umejifunika mpaka kiunoni, nikijiuliza kama nimemvunja mama yule kwa kumwonyesha neno moja.

Hicho ndicho kilichonitesa, kuliko hata upweke wenyewe. Hamisi aliendelea na utani wake, bakuli la mbwa likabaki chini ya meza, mtambo mpya ukasifiwa na mteja. Mimi nilikuwa mtu ambaye chaneli yake imefungwa upande mmoja. Mchana nilikula peke yangu, na jioni nilitoka bila mtu kuniuliza kama nimekubali.

Masika mengine yalikuwa yamekaribia kwisha nilipotumwa na mama yangu kutafuta miche ya parachichi. Nikashuka Engutoto, ambako niliambiwa kuna vitalu kando ya mto. Kwenye kitalu cha mwisho niliziona buti kabla ya kumwona mwenyewe. Alikuwa ameinama akijaza udongo kwenye viriba vya miche.

"Shikamoo, Mkufunzi."

"Marahaba." Aliniangalia bila kushtuka. "Umekonda. Hawakupi loshoro?"

Alinichagulia miche, au tuseme alifumba macho na kuichomoa ilipoangukia mkono wake, na nikajua ni yeye yule yule. Tulikaa kwenye ndoo zilizofunikwa. Nilikuwa nimejiandalia hotuba ya kumwomba radhi, lakini alinitangulia, akauliza kama Bwana siku hizi anasubiri vizuri. Nikamwambia anasubiri muda uliowekwa, kisha anafunga, anaondoka na chake. Akaitikia kwa kichwa, taratibu. Aliniambia nyumba ameipangisha kwa sababu ilikuwa inatazama barabara, na kila gari lililosimama lilimtoa nje kuchungulia. Aliniambia kitochi alikizima usiku ule ule akiwa bado njiani, na laini akaivunja. Hakusema kama sasa ana furaha. Chumba anachokaa hakina hata jirani anayemjua jina, alisema, na Jumapili nyingine hasemi na mtu zaidi ya miche.

Nikamwomba namba mpya.

"Usinielewe vibaya, baba. Kwa sasa nataka simu ambayo haimsubiri mtu."

Jua likaanza kuzama, na baridi ya mtoni ikapanda. Akanawa mikono, akavaa lile sweta, akachukua kikapu. Mimi nilisimama na miche yangu kwenye mfuko wa salfeti.

"Siku ile sikukuuliza," alisema. "Wengine ningewauliza. Wewe nilijua ungesema hujakubali."

Ilikuwa kweli.

"Naondoka," akasema, na akaniangalia usoni kama alivyokuwa akitufanyia mezani. "Umekubali?"

Nilitaka kusema hapana. Nilitaka kumwambia kwamba ofisini hakuna anayekunywa chai ya tangawizi, na kwamba mimi nami Jumapili nyingine sisemi na mtu. Na nilijua kabisa kitakachotokea nikisema. Angekaa. Angegeuka, angekaa juu ya ile ndoo, kikapu magotini, bila hasira, mpaka giza liingie, kwa sababu mtu hajakubali. Na mama yule alikuwa ameshakaa vya kutosha.

"Nimekubali," nikasema.

Akanipiga kofi dogo begani, akapanda njia ya mawe kuelekea kwenye nyumba za juu. Hakugeuka. Nilisubiri kidogo mpaka sikuzisikia tena zile buti, kisha nikatafuta bodaboda ya Sakina.